Alama Iliyohama

Fundi aliichomoa spoki ya baiskeli kutoka kwenye tundu la plagi, akaifuta mafuta kwa suruali, akaitumbukiza tena. Ilikuwa mara ya tatu. Akashika spana kwenye nati ya puli, akaizungusha injini polepole huku jicho likiwa kwenye spoki inayopanda. Ilipanda, ikasimama, ikataka kuanza kushuka. Hapo hapo akaacha. Pistoni ilikuwa juu kabisa, haina ubishi. Akainama kuitazama alama nyeupe kwenye ukingo wa puli, ambayo wakati huo ilipaswa kutazamana na kidole cha chuma kilichopo kwenye bloku ya injini. Haikuwepo. Ilikuwa imeshakipita, kwa upana wa kidole kizima.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, na gereji ilikuwa tupu, hakuna wa kumbishia.

Mtu huyu, jamani, mtaani walimwita Mzee Alama, na jina hilo hakuliokota. Kwa miaka thelathini alihubiri jambo moja tu: wakati wa plagi kutoa moto hutegwa kwa taa na alama, si kwa masikio. Unafunga taa kwenye waya wa plagi ya kwanza, unamulika puli inavyozunguka, unaigeuza distribyuta, inayogawa moto, mpaka alama ikae mahali pake, unakaza boliti, kwisha kazi. Fundi anayesikiliza injini yeye alimwita mganga wa kienyeji. Asubuhi hiyo alikuwa ametega gari la Mwalimu, mteja wake wa zamani, hivyo hivyo, alama imetulia kabisa kwenye mwanga, kisha akapanda nalo kilima. Njia nzima injini iligonga kama misumari ndani ya kopo.

Mlio ule aliwahi kuusikia. Ndiyo maana alirudi gereji kupima upya.

Miaka sita nyuma, injini hiyo hiyo ilitegwa na mdogo wake wa kike, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui spana inashikwaje. "Kaka, inagonga," binti alimwambia. "Turudishe moto nyuma kidogo, uchelewe kuwaka."

"Masikio yako yaache nyumbani," alimjibu. "Fuata alama."

Binti akafuata alama. Siku ya tatu Mwalimu akarudi akivutwa kwa kamba, pistoni imetoboka tundu la kupitisha kidole gumba. Kaka mtu hakuuliza wala hakupima. Alimgeukia mdogo wake mbele ya Mwalimu na wateja wote, akamwambia kwamba ni mzembe, kwamba angefuata alama yasingetokea yale, na akamnyang'anya funguo za kabati la vifaa. Binti akachukua mkoba wake, akaondoka. Tangu hapo hakugusa tena injini. Akaenda kutengeneza mashine za kushonea upande wa pili wa mji. Wakikutana msibani walisalimiana kama watu wa foleni moja. Kaka alisema ni kiburi tu, kitamwisha.

Gari nalo lilikaa juu ya matofali miaka yote hiyo, maana pistoni za gari la umri ule hazipatikani hivi hivi. Zilipopatikana, injini ikaundwa upya. Kilichobaki cha zamani ni puli.

Mzee Alama akaitazama ile puli kama anaiona leo. Ilikuwa vipande viwili, kitovu ndani na pete nje, na katikati yake mpira wa kupunguza mtetemo, mpira wenye umri wa babu wa mtu. Akachukua chaki. Akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu, ukavuka mpira, ukafika kwenye pete. Akawasha injini, akaikanyagia mafuta mara kadhaa, akaizima, akarudi kutazama.

Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili.

Akaketi juu ya tairi. Pete ilikuwa inateleza kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, na alama ikahama nayo. Kila aliyeifuata aliutega moto uwake mapema mno, na moto wa mapema ndio unaogonga na kutoboa pistoni. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo mwenzetu aliliona, na lilimtisha.

Kopo la rangi nyeupe lilikuwa hapo karibu. Puli nyingine ingetafutwa baadaye. Kwa leo angefuta alama ya zamani, akachora mpya, na Mwalimu angeondoka akimshukuru. Nani angejua? Hata mdogo wake asingejua. Na kopo alilifungua, msidhani alikuwa malaika.

"Vipi, Fundi, mgonjwa kapona?" Mwalimu aliingia akicheka, mzee mstaafu mwenye shati lililopigwa pasi.

Fundi akaweka kopo chini. "Mwalimu, yule binti hakukosea."

Akamwonyesha mstari wa chaki, akaeleza. Mwalimu akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Lakini mimi nimemtangaza mji mzima," alisema taratibu. "Wenye magari wote niliwaambia wasimpe kazi."

"Ulisema nilichokwambia mimi."

"Mpigie simu. Sasa hivi, nikiwa hapa hapa."

Dada alifika alasiri, aproni ikiwa bado imenasa vipande vya uzi. Alisimama langoni mpaka alipokaribishwa, kama mgeni. Kaka alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakamruka. Akasema tu, "Nilikosea mimi, mdogo wangu. Ulifuata alama kama nilivyokuamuru, na alama ilikuwa ya uongo." Akasubiri matusi, hata kofi angelipokea.

Dada akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mstari uliokatika.

"Mbona hukujitetea siku ile?" kaka akauliza. "Ulijua kabisa umeifuata."

Dada akainua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepigwa na butwaa kuliko wao wote.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani nimesahau kukaza boliti ya distribyuta, ikajigeuza njiani. Miaka sita najaribu kukumbuka kama niliikaza. Mnasema nilisusa? Niliogopa, kaka. Niliona siku moja nitasahau breki, niue mtu."

Mwalimu akageukia ukutani. Mzee Alama alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Lakini wewe mwenyewe uliisikia inagonga," akasema. "Uliniambia."

"Niliisikia. Kisha ukasema ni mimi, nikaamini ni mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Ningekukatalia vipi? Kila ninachokijua ulinifundisha wewe."