Ngazi ya Nyuma

Simu ya Jitesh iliingia wakati Mashimba Ndalahwa anachonga penseli ya tatu asubuhi hiyo. Mezani palikuwa na ramani ya fremu sita za maduka ya mama mmoja wa Kisesa, mtu aliyetaka choo kiwe nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena. Chumba chake cha kazi kilikuwa Igoma, Mwanza, kimebanwa kati ya gereji ya pikipiki na mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwaka, meza hutetemeka, ndiyo maana mistari mirefu aliichora mapema kabla majirani hawajaleta madebe yao.

Jitesh alisema aje hotelini kwa Nestory, haraka, na aje na karatasi zake. Hakusema kuna nini. Mashimba alijua kuna nini.

Watu wa Igoma walimwita injinia. Hakuwa injinia, wala hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mchora ramani, kazi aliyofundishwa mezani kwa mzee Harish, msanifu wa mjini, baba yake Jitesh. Ramani haipiti ofisi ya vibali bila mhuri wa msanifu aliyesajiliwa, basi Harish akawa na mhuri na Mashimba akawa na mkono. Harish alipofariki, mhuri uliokuwa mezani ukawa wa Jitesh, naye msanifu aliyesajiliwa, na mkono ukabaki ule ule. Miaka thelathini na mmoja. Gesti za barabara ya Musoma, maduka ya Usagara, hoteli mbili za Kirumba, zote zilitoka kwenye penseli yake. Chini kulia ya kila ramani kuna kisanduku cha majina, na humo jina lake halikuwahi kuingia hata mara moja. Lilimuuma. Alinyamaza tu, watu wakadhani amezoea.

Harish alimwachia kitabu kimoja kikubwa cha picha, cha Kifaransa, kilicholiwa na mende pembeni. Kilikuwa na habari za msanifu mmoja wa zamani huko Ufaransa, mjenzi wa maduka na hoteli. Mashimba hakujua neno la Kifaransa, lakini picha na miaka alivisoma vizuri. Mtu yule alianza na duka la vitambaa mwaka 1903, akaja kwenye benki, akaja kwenye maduka ya ghorofa yenye vioo virefu, mwisho hoteli za kando ya bahari. Na kila jengo, karibu na mlango, usawa wa kichwa cha mtu, jiwe lilichongwa jina lake na mwaka. Delmasure, 1903. Delmasure, 1911. Ukurasa wa mwisho yeye mwenyewe amesimama, mzee wa kofia, bega limegusa jina. Picha hiyo Mashimba alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko picha ya harusi yake.

Hoteli ya Nestory ilikuwa ndiyo kazi yake kubwa. Ghorofa nne, juu ya mawe, ziwa liko mbele, na mbele ya jengo aliweka madirisha marefu aliyoyapenda kwa yule Mfaransa. Ufunguzi ulikuwa kesho yake. Lakini mwezi uliopita alipita kuangalia, akazunguka nyuma, akakuta ngazi ya dharura haipo. Palikuwa na ukuta wa madirisha tu, umepakwa rangi ya krimu. Nestory alikuwa ameiondoa ili apate vyumba vinne zaidi, kimoja kila ghorofa. Mashimba alimweleza Jitesh siku ile ile, na Jitesh akasema ataongea na mwenye jengo. Inaonekana waliongea.

Jitesh alimpokea getini. Alimwamkia shikamoo kama alivyofundishwa na baba yake, akaitikiwa marahaba, kisha akamvuta kivulini. Mkaguzi alikuwa anakuja saa nane, alisema, na ramani iliyopitishwa ilikuwa na ngazi mbili wakati jengo lina moja. Ilitakiwa karatasi mpya isiyo na ngazi ya nyuma, yenye tarehe ya mwaka jana, Jitesh aiingize kwenye faili kama marekebisho. Mashimba angeichora kwa saa moja. Mhuri angeugonga Jitesh, lakini safari hii, kwenye kisanduku, msanifu aandikwe M. Ndalahwa.

Halafu akataja barua. Mashimba alikuwa ameiomba mara tatu, barua ya kuthibitisha kwamba kazi zile ni zake, ili bodi ya usajili imfikirie kabla hajazeeka kabisa. Jitesh alisema ameshaiandika na kuisaini, iko ndani ya gari.

Mashimba aliangalia lile gari kwa muda. Aliitamani ile barua, tusifiche. Lakini mtu aliyechora ngazi maisha yake yote hahitaji kuelezwa jina linatafutwa la nini. Siku moshi utakapojaa kwenye ngazi ya mbele na watu wa ghorofa ya nne wakakosa pa kupita, litahitajika jina la kukamata.

"Mzee wangu," Jitesh alisema taratibu, "si ulikuwa unataka jina lako liingie?"

"Nilitaka liingie pamoja na ngazi."

Jitesh hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeshapokea malipo yake. Barua ikabaki garini.

Saa nane na nusu mkaguzi alifika, mama wa makamo aitwaye Dorcas, na Nestory mwenyewe akamkaribisha kwa soda. Kwa kuwa karatasi mpya haikuwepo, Jitesh alikunjua ile ya zamani kwenye meza ya mapokezi. Dorcas alipitisha kalamu juu ya ramani, akahesabu vyoo, akahesabu mitungi ya kuzimia moto, akafika kwenye ngazi, akaweka alama ya tiki mara mbili. Alikuwa hajanyanyuka kwenye kiti.

Mashimba alikuwa amesimama kando ya nguzo. Akasogea.

"Samahani mama. Ngazi ya nyuma haipo. Tukizunguka hapo nyuma utaona ukuta."

Dorcas alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeichora hii ramani."

Mkaguzi akashuka kwa kidole hadi chini kulia, akasoma, akarudia kusoma. "Hapa ameandikwa Jitesh. Wewe jina lako halipo."

Mashimba alimgeukia Jitesh. Jitesh alikuwa anatazama ziwa. Nestory akacheka, akasema mzee huyo ni fundi tu.

"Ngazi imechorwa na mhuri umegongwa," Dorcas alisema. "Mimi nakagua kilichoidhinishwa." Akasaini.

Mashimba alitoka nje. Alijua kuanzia hapo hakuna tena mhuri wa Jitesh, na fremu za mama wa Kisesa atazitafutia njia nyingine au zitamlalia mezani. Mlangoni fundi aitwaye Mihayo alikuwa anakaza bamba la marumaru la kesho, lina jina la mgeni rasmi, jina la Nestory na jina la Jitesh. Mashimba akamwomba tindo na nyundo. Mihayo alimpa, kisha akamfuata kuona anakwenda wapi navyo.

Alikwenda nyuma. Kulikuwa na jabali pana limechomoza ardhini, pale pale ambapo ngazi ingeshukia. Akatoa futi mfukoni, akapima mita moja na robo, upana aliouchora, akachonga mstari huku na mstari huku. Katikati akaanza herufi. Jiwe la Mwanza ni gumu, na alikuwa na miaka sitini na mbili, basi kila herufi alipumzika. M. NDALAHWA.

"Una kibali?" Mihayo aliuliza.

"Sina."

Mihayo akachukua tindo, akachonga mwaka.

Dirisha la ghorofa ya nne likafunguka. Binti wa usafi, aliyekuwa anatandika chumba kimoja kati ya vile vinne vya nyongeza, alitoa kichwa akauliza wanachimba nini huko chini.

"Ngazi," Mashimba alimjibu.

Binti akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama zaidi kuufuata ukuta mpaka chini.

"Mbona siioni?"

"Itazame vizuri," Mashimba alisema, akapokea tindo, akarudia kukoleza herufi ya kwanza.