Daraja la Msimu wa Kura

Ijumaa asubuhi, saa mbili na robo, Mwalimu Kinya alifuta ubao wa darasa la nne, akapanga karatasi za kura juu ya madawati kwa marundo ya hamsini hamsini, akawaambia mawakala wakae. Mvua ya Novemba ilikuwa imezima taa jioni iliyotangulia, wakakubaliana wahesabu kukipambazuka. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni hapo miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewesha kitu.

Kupitia dirishani daraja lilionekana vizuri. Lilikuwa limeota wiki sita nyuma, siku Munene alipoapa mbele ya kanisa kwamba akipewa kiti cha MCA, yaani udiwani wa kaunti, katika uchaguzi huu mdogo, mto Kithaku utapata daraja. Kesho yake Gikunda wa ng'ambo akaapa vivyo hivyo, na nusu ya pili ikajitokeza kutoka upande wake. Ndivyo lilivyokuja kila uchaguzi tangu tisini na mbili: la zege, lenye vyuma pembeni, rangi haijakauka. Lilibeba malori bila kutikisika. Na kila mara msimamizi alipotia saini fomu ya matokeo, lilitoweka kimya kimya, mto ukabaki na gogo lake na kamba.

Watu wa Kaurone walikuwa wameshajipanga. Waliugua kwa ratiba: ngiri, jino, mtoto wa jicho, vyote vilingoja kampeni, maana hospitali iko ng'ambo. Harusi nazo zilingoja. Mwaka wa 2013 msichana mmoja wa ng'ambo, Gatakaa, alichelewa sokoni, matokeo yakasomwa angali huku. Akaolewa huku huku, na sasa ana watoto watatu. Kuhusu kura yenyewe hapakuwa na mjadala. Watu wa Juu, upande huu wa Kaurone, walimpigia mtoto wa Juu, wa ng'ambo wakavuka kuja kumpigia wa kwao kwenye kituo hicho hicho. Nani angemwachia mtu wa ng'ambo daraja?

Kaberia, baba yake Kinya, alikuwa fundi wa mawe. Kila uchaguzi alikwenda kuligonga daraja kwa nyundo, akatega sikio, kisha akasema simiti ni nzuri na kazi ni safi. Safari hii alilivuka kwa miguu akapimwe kifua. Wakamlaza, na Jumatano jioni akafariki. Alhamisi ilikuwa siku ya kura, ofisi zote zimefungwa, kwa hiyo kibali cha maziko kingetoka Ijumaa. Kinya alitaka kitu kimoja tu, baba yake avuke kabla ya saini. Kwenye gogo maiti haipiti. Mwaka juzi jeneza la mzee mmoja liliteleza likachukuliwa na maji, na familia yake ikazika koti.

Saa tatu unusu hesabu ikaisha. Munene 611, Gikunda 598, zilizoharibika tisa. Wakala wa Gikunda akapiga miayo. Karambu, wakala wa Munene, alikuwa ameshashika kalamu, na nje Munene mwenyewe alisimama juu ya pikapu akijaribu spika.

"Tuhesabu tena," Kinya akasema.

"Mwalimu, si ni zile zile tu?" Karambu akauliza.

"Tuhesabu."

Zikawa zile zile. Kinya aliona aibu, maana miaka yote hiyo aliwakataza watoto kurudia hesabu wanayojua jibu lake. Akapiga simu mbele yao.

"Mmefika wapi?"

"Ndio tumetoka mochari, tuko kwa lami," dereva wa gari la maiti akasema. "Kama nusu saa hivi."

Karambu alisikia. Kaberia ndiye aliyemjengea msingi wa nyumba yake, na haujawahi kupata ufa. Akaweka kalamu chini.

"Hizo zimeharibika sijaziona vizuri," akasema. "Wacha tuangalie moja moja."

Karatasi tisa zikaangaliwa kwa zaidi ya nusu saa. Munene alituma mtu mara mbili kuuliza kunani, Karambu akamjibu kwamba kazi ya serikali haina haraka. Saa nne na nusu simu ikalia.

"Mzee amevuka," dereva akasema. "Tuko upande wenu."

Kinya akamshukuru Mungu, akatia saini. Mawakala nao wakatia zao. Dirishani ukabaki mto tu.

Hakuwa ameuliza habari za mama yake. Karwirwa alikuwa amebaki mochari kutia dole gumba kwenye karatasi za mwisho, kisha akapanda gari la kwaya, na gari la kwaya lilifika mtoni dakika nne baada ya saini. Mto ulikuwa umejaa, gogo liko chini ya maji. Dakika nne hizo zilimuuma Kinya kuliko msiba wenyewe.

Walizika mchana ule ule, chini kabisa ya shamba, ukingoni mwa mto, ili mjane aone. Kwaya iliimba kutoka ng'ambo, ikawa kila ubeti unafika umechelewa kidogo. Munene, kama MCA mpya, akaombwa salamu za rambirambi. Alimsifu marehemu, akatazama maji.

"Hii maneno ya daraja, wapendwa," akasema, "mkinipa tena 2027, naimaliza."

Hapo hapo kipande cha zege kikaota ukingoni, urefu wa hatua mbili, rangi mbichi. Watu wakapiga makofi. Mikono ya Kinya ilipiga pia, kwa mazoea, kabla hajaizuia.

Ng'ambo, Karwirwa alichota udongo wa upande ule, akaurusha kuelekea kaburi la mumewe. Ukaangukia majini. Akakitazama kile kipande kipya, akakadiria kilichobaki. Kisha akakaa juu ya jiwe, akatoa kitambulisho chake, kile anachopigia kura, kwenye kiondo, akakipangusa mvua kwa leso, akakirudisha mahali pake.