Mzee Tarumbeta Akaukiwa na Koo

Kwa miaka ishirini na miwili, Mzee Tarumbeta, mwenye sarakasi, hakuwahi kumwachia mtu kipaza sauti. Hema lilikuwa lake, wachezaji aliwafunza mwenyewe, na maneno ya kuwatangaza aliyatunga yeye. Basi Jumamosi ile alipoamka koo limemkauka, sauti haitoki hata ya kuombea maji, alihisi dunia imempa kisogo.

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri. Akajaribu tangawizi, akajaribu maji ya chumvi, wapi. Watu wakaanza kujaa kwenye mabenchi.

"Nitatangaza mimi," mkewe akasema. Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya wachezaji, na hapo alikuwa bado ana pini mbili mdomoni.

Mzee akachukua kalamu, akaandika mgongoni mwa tiketi: *Hujui maneno.*

"Baba watoto, nani humu asiyeyajua? Tumeyasikia mpaka masikio yameota sugu."

Akaingia uwanjani na futi yake ya kupimia shingoni. Mzee akabaki nyuma ya pazia, roho juu. Mkewe alitakiwa kusema, "Malkia wa anga, asiyejua woga." Yeye akasema, "Huyu binti anayepanda kamba ni mtoto wa dada yangu. Anaogopa mende mpaka leo. Tumwombee asianguke."

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha wakanyamaza, kimya ambacho Mzee hakuwahi kukipata. Binti alipoivuka kamba, hema zima likasimama.

Mzee alitaka kupaza sauti kwamba sarakasi haitangazwi kama umbea wa jirani. Koo likatoa mluzi tu, kama birika.

Sauti ilirudi Jumatano. Jumamosi iliyofuata akavaa koti lake jekundu, akaingia kifua mbele. "Mabibi na mabwana, malkia wa anga..."

"Yule mama yuko wapi?" akauliza mwanamke wa benchi la mbele, kwa upole kabisa, kama anayeulizia chumvi dukani.

Wengine wakaitikia. Kadiri Mzee alivyopaza sauti, ndivyo walivyozidi kuchungulia pazia. Mwishowe akarudi nyuma, akamnyooshea mkewe kipaza sauti bila kumtazama.

"Umekasirika," mkewe akasema.

"Nimekasirika."

"Basi kakaze kamba ya kushoto, imelegea. Hasira ina nguvu."

Akaenda, akaikaza, huku akinung'unika maneno yake yote tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemsikia ila mpiga ngoma, naye alimwomba apunguze sauti.