Kinga Nyepesi ya Mzee Chabani

Mzee Chabani wa Magarama, mtaa mmoja wa mji wa Gitega, hakuwa mtu wa kuanguka ovyo. Alikuwa fundi cherehani, na baiskeli aliipanda kama alivyoketi kwenye cherehani yake: mgongo wima, kofia imekaa sawasawa, kengele ikilia kabla ya kila kona, hata kona isiyo na mtu. Kwa hiyo siku alipoanguka, tena si akiwa juu ya baiskeli bali akiwa chini yake, stendi nzima ya Muyinga ilisimama kumtazama.

Kila mwezi alitoka Gitega kwa basi dogo, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya paa, akashuka Muyinga na kupanda nayo kilima mpaka kwa dada yake, Amisa. Macho ya Amisa yalikuwa yameingia ukungu, haoni tena ila mwanga na vivuli, lakini masikio yalikuwa mazima. Kengele ya Chabani ikilia pale kwenye kona ya migomba, dada mtu huinuka na kuteleka chai, na kaka akifika mlangoni huikuta inachemka. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilianza yenyewe, ikawa desturi yao, na Chabani aliipenda kuliko sikukuu. Mwezi huo konvoyeri, utingo wa basi, alimteremshia baiskeli kutoka juu, akaiachia mapema, na lile dude la chuma likamlaza mzee chini na kumuumiza mbavu.

Aliporudi Gitega ameshika ubavu, binti yake Fatouma hakupiga kelele. Aliichukua baiskeli, akaitia stoo, akafunga kufuli na kuuweka ufunguo mahali ambapo baba yake asingeweza kuufikia.

"Baba, mi sikukatazi kupanda kinga," alisema. "Mi nakataza ile. We tafuta kinga yenye unaweza kuinua na mkono moja. Ukikosa, utabebwa na motari kama wazee wengine."

Huku Gitega baiskeli ni kinga. Ndivyo inavyoitwa kwa Kirundi, na Waislamu wa Magarama huiita hivyo hivyo hata katika Kiswahili chao. Ukisema baiskeli watakuelewa, ila watajua umetoka mbali. Msomaji alishike hilo, maana ndilo lililoleta yote yanayofuata.

Kubebwa na motari! Chabani hakulala vizuri. Uzee hakuuogopa, alikuwa ameshauzoea. Lakini pikipiki hupita kwa Amisa kutwa kucha, na Amisa angejuaje ni ipi ya kuitelekea chai? Mwenye pikipiki angemshusha mzee pale kama gunia la maharage, aanze kubisha hodi kwenye nyumba ya dada yake mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko mbavu.

Jirani yake sokoni, Hamissi muuza viatu, ndiye aliyempa namba ya Kasiano, mtu wa Muyinga anayeuza mitumba ya kila aina kutoka ng'ambo ya mpaka. Hamissi alimpigia Kasiano kwanza, akamwambia kuna mzee mmoja wa heshima ana shida yake, amsikilize vizuri. Kisha Chabani akapiga.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Kasiano.

"Marahaba, marahaba," alijibu Chabani, akafurahi mno, kwa kuwa Magarama hakuna anayempa mtu shikamoo.

"Nimeambiwa una haja. Sema tu, usione haya."

"Haya ya nini? Mi natafuta kinga. Yenye iko nyepesi. Ile ya zamani iko nzito sana, inaniumiza."

"Inakuumiza, mzee?"

"Sana. Na binti yangu anataka niache kabisa, anasema mi nimezeeka. Lakini mi bado iko na nguvu. Natumia mara moja tu kwa mwezi, nikikuja Muyinga."

"Naelewa," alisema Kasiano kwa sauti ya chini, ya upole. "Ni vizuri sana unavyojijali."

"Na iwe ndogo. Mi naitia mu saki, naingia nayo mu bisi, hakuna mtu anasumbuka."

"Ni ndogo, mzee. Haihitaji begi, hata mfukoni inaingia."

Chabani alicheka. Alipenda mfanyabiashara anayejua kusifia mali yake. "Boni, vizuri. Sasa, bei?"

"Hizo huuziwi, mzee wangu. Hutolewa bure. Nenda pale zahanati, upande wa sokoni, mwulize muuguzi Josefina. Wala hawaulizi umri."

Sasa, Kasiano hakuwa na ubaya wowote. Alizaliwa na kukulia Tanzania, akarudi Burundi mtu mzima, na hata katika Kirundi cha nyumbani kwao baiskeli waliiita baiskeli. Huko alikokulia alifundishwa kazi ya mhudumu wa afya kijijini, na huko kinga ni ile ya mpira, ya kwenye pakiti ndogo, ambayo wahudumu huwahimiza wanaume wasiisahau. Alifundishwa pia kwamba mzee akijikaza mpaka akalisema jambo kama hilo, usimcheke wala usimlazimishe kulirudia. Basi hakumlazimisha. Alipokata simu alimwambia mkewe, Happy, kwamba Gitega kuna mzee mmoja wa kupigiwa mfano.

Magarama habari zilienea kabla chai ya saa nne haijapoa: Muyinga wazee wanagawiwa kinga za bure, tena dispansere, yaani zahanati. Wengine walitilia shaka. Lakini mwenye duka la dawa alisema kwa kujiamini kwamba madaktari wa siku hizi wanataka wazee wafanye mazoezi kwa ajili ya presha, na hapo kila mtu akaona mantiki. Hamissi, ambaye hajapanda baiskeli tangu azaliwe, alisema bure ni bure, atakwenda kuchukua yake aje aiuze.

Wazee hao wawili wakaondoka asubuhi kwa basi, kupitia Karuzi, Chabani amevaa shati aliloshona mwenyewe na kulipiga pasi mara mbili. Dispansere waliwakuta akina mama na watoto wao, ambao waliwapisha wazee wapite mbele.

"Tumekuja kuchukua kinga," Chabani alimwambia Josefina, mwanamke mnene mwenye uso wa kazi. "Zile nyepesi. Mi nataka moja, na huyu moja."

"Kinga?" Josefina aliinua kichwa. "Za kupanda?"

"Sasa za kupika? Za kupanda, mama. Kasiano ametutuma, yule mwenye alirudi kutoka Tanzania."

Josefina aliwatazama mmoja mmoja. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Akavuta droo, akatoa pakiti ndogo, akaiweka mezani taratibu mbele ya Mzee Chabani.

"Papa," alisema, "kwa Kiswahili cha Kasiano, kinga ni hii."

Chabani alivaa miwani. Alisoma pakiti mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma. Hamissi aliinuka, akatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha. Mzee alibaki pale, na yale mazungumzo ya simu yakaanza kumrudia, sentensi moja baada ya nyingine. Inaniumiza. Binti yangu anataka niache. Natumia mara moja kwa mwezi, nikikuja Muyinga. Kila sentensi ilipofika, joto lilipanda kutoka shingoni hadi kwenye kofia.

"Mi nilimwambia inaingia mu saki," alisema hatimaye.

Josefina hakuweza tena kujizuia. Alilaza kichwa juu ya meza na kucheka mpaka mabega yakatikisika, akina mama walio nyuma wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini, na Chabani mwenyewe akajikuta anacheka nao, mkono umeshika ubavu, kwa sababu mbavu zilikuwa bado zinauma.

Walimkuta Kasiano kwenye banda lake, katikati ya viti, redio na majiko ya mitumba. Alipoelezwa, alikaa chini. Akaomba radhi, akaomba tena, na Happy, mkewe, alikimbilia nyuma ya nyumba ambako walimsikia akikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Acha," Chabani alimwambia. "We ulinipa heshima kubwa kuliko ile naistahili. Sasa nionyeshe kinga za magurudumu."

Ya kwanza ilikuwa ya mashindano. Chabani aliinyanyua kwa mkono mmoja, moyo ukaruka. Lakini bomba lake la juu lilikuwa juu kweli, na ili uipande lazima urushe mguu nyuma kama kijana. Alijaribu mara moja. Nyonga ikakataa. Ya pili ilikuwa ya kike, yenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka chini, ukaingia kama unaingia mlangoni. Aliipenda. Kisha akajaribu kuinyanyua, na mbavu zikamkumbusha Fatouma.

"Hakuna ingine?"

"Kuna ile," alisema Kasiano kwa aibu, akionyesha ukutani, ambako Happy alikuwa ameanika vitenge juu ya kitu cha vyuma. "Lakini hiyo ilikuja imevunjika katikati."

Chabani aliondoa vitenge, akavikunja vizuri na kuvipanga pembeni, kisha akainama. Pale palipovunjika palikuwa na bawaba, na kwenye bawaba palikuwa na komeo dogo. Akavuta, akanyoosha, likalia klak, na mbele yao ikasimama baiskeli nzima: fremu ya chini, usukani wa kupandisha na kushusha, magurudumu madogo kama sinia za chakula. Akaikunja tena. Akainyanyua kwa mkono mmoja. Mbavu zikanyamaza.

"Chabani," alisema Hamissi, "hii ni ya mtoto mwenye wamemkataza kwenda mbali."

Na kweli, ndivyo ilivyoonekana. Chabani aliitazama kwa muda. Aliifikiria Magarama yote, midomo ya pale sokoni, vijana wa vibanda watakavyotoka nje kumtazama mzee mzima na magurudumu yale. Aliona haya, tena haya kubwa kuliko ya dispansere, kwa sababu ile ilikuwa ya asubuhi moja na hii ingekuwa ya kila siku. Kisha akafikiria chai.

"Boni," alisema. "Wacheke."

Bei walipatana haraka, maana Kasiano alikuwa na aibu hata ya kuitaja.

Hamissi akarudi stendi, na Chabani akaelekea kwa Amisa. Kilimani alipanda nusu ya njia akiendesha, gia ikiwa nyepesi kabisa, miguu ikizunguka haraka na baiskeli ikienda polepole. Palipokuwa pakali alishuka na kuisukuma kwa mkono mmoja, akiimba. Kwenye kona ya migomba akapanda tena, akapiga kengele. Ilitoa mlio mwembamba, tin tin, kama kijiko kwenye glasi.

Amisa alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinuka.

"We mtoto," alisema, "mama yako anajua uko huku?"

"Mama yetu amekufa zamani, Amisa."

Dada mtu alinyoosha mikono, akamgusa uso, kisha akaigusa baiskeli, usukani, kiti, gurudumu, akatafuta zaidi na asipate. "Na ingine iko wapi? Hii ni nusu."

Chabani alimsimulia yote, simu, dispansere na pakiti, kwa sababu dada ni mtu wa kusimuliwa, na Amisa alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Na we ukamwambia inakuumiza," alirudia, akacheka upya. Kisha ndipo akakumbuka kwamba hajateleka kitu, akaingia jikoni anapapasa ukuta. Chabani alingoja nje. Alikuwa amefika mwenyewe, kwa miguu yake na magurudumu yake, na bado kitu kilikuwa kimepungua, na alijua ni nini.

Jioni ya kesho yake Fatouma alikuwa amesimama stendi ya Gitega. Mzee alishuka basini, mkono mmoja umeshika nguzo ya mlango, mwingine umebeba baiskeli iliyokunjwa. Fatouma aliipokea, akaipima kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia.

"Magurudumu yake," alisema.

"Najua."

"Iko nyepesi vreman, nyepesi kweli," alisema Fatouma. Usiku wakila, Chabani alitaja kwamba safari ilikuwa nzuri, ila Amisa hakumtambua kwa kengele, alidhani ni mtoto wa watu. Alilisema hivi hivi, anamenya ndizi, na Fatouma akaondoa sahani.

Vijana wa Magarama walicheka wiki nzima, kisha wakaanza kuomba waijaribu. Mwezi ulipogeuka, mzee alishona mfuko wa turubai wa kuitia, Fatouma akamwambia amwachie yeye kazi ya kuifunga ndani, na asubuhi akampeleka stendi.

Muyinga, Chabani aliufungua mfuko pembeni ya basi. Akaivuta baiskeli, akainyoosha, klak, halafu akabaki ameinama. Kwenye usukani ule mwembamba palikuwa na kengele kubwa ya chuma, iliyong'arishwa, imekazwa kwa skrubu na kuzungushiwa kipande cha raba ili isiteleze. Aliijua kila mkwaruzo wake. Ilitoka kwenye dude la stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu mmoja tu.

Alisimama hapo mpaka konvoyeri akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, haumwi popote.

Alipanda kilima, akashuka, akasukuma, akapanda tena. Kwenye kona ya migomba aliipiga kengele mara mbili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kutoka ndani ya nyumba kikasikika kifuniko cha sufuria, na alipofika mlangoni chai ilikuwa inachemka.