Kofia ya Mzee Chumvi

Mzee Chumvi alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu, na ukimsikiliza utaamini kuna siku lifti yake ilimfikisha bosi ghorofa ya kumi katika jengo la ghorofa tisa. Bosi akashuka, akafanya mkutano, akarudi.

Nyumbani kwake uongo ulikuwa na sheria yake. Anayetaka kupiga chuku huvaa kofia ya bluu ya kazini ya mzee, na wenzake hawaruhusiwi kumbishia, ila kumzidi. Asiyevaa kofia anasema kweli. Bingwa wa mchezo huo alikuwa kitindamimba wake, ambaye sasa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, mumewe dereva wa malori akiwa safarini.

Lakini tangu ajifungue, bingwa alikuwa kimya. Anakula kama aliyetumwa. Mtoto akilala, yeye anakaa macho kumsikiliza akipumua. Kwa hiyo mchana mmoja alipotoka kuanika nepi uani, akaketi mezani na mtoto mikononi na kusema, "Leo pale kwenye ngazi za uani nimeona mikono yangu inamwachia mtoto. Nimemwona kabisa akienda chini," wazazi wake walitazamana kwa furaha. Bingwa amerudi!

"Hiyo ndogo," akasema Mzee Chumvi. "Wewe nilikuangusha toka ghorofa ya saba, nikapanda lifti, nikakuwahi chini kukudaka."

Mama mtu akacheka mpaka akapaliwa. Binti akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hakumbeba tena kupita ngazini.

Mkunga wa kliniki ya watoto ndiye aliyeshtuka kumwona alivyokonda. Akamwelekeza chumba cha juu, kwa muuguzi anayewahudumia wajawazito na waliojifungua ambao akili zao zimeelemewa. Mzee Chumvi akambeba mjukuu ngazi zote, akihema na kuilaani lifti mbovu ya hospitali.

Chumbani mlikuwa na viti vitatu, godoro dogo sakafuni na pazia lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Muuguzi aliuliza habari za usingizi, chakula, machozi. Kisha akauliza, "Kuna mawazo yanayokujia yakakutisha?"

Binti akamtazama mtoto. Alikuwa amesikia kwamba mama akitaja mambo kama hayo ananyang'anywa mwanawe.

"Hapana."

"Huyu?" Mzee Chumvi akadakia. "Anayo tele! Juzi katuambia kamwachia mtoto ngazini."

Muuguzi hakucheka. "Nanyi mkafanyaje?"

"Tukacheka, sista. Ndio mchezo wetu. Mtu akivaa kofia..." Akajishika kichwa. Kofia ilikuwa hapo hapo. Akamgeukia bintiye. "Siku ile aliivaa nani?"

"Wewe, baba."

Mzee Chumvi akaivua, akaiweka gotini. "Basi alisema kweli."

"Sitaki kumdhuru," binti akasema kwa haraka. "Naogopa tu. Nikikaribia ngazi, ile picha inakuja. Msinichukulie mtoto."

"Kuna sauti inayokuamuru?"

"Hapana."

"Unafikiria kujidhuru mwenyewe?"

"Hapana. Nimechoka."

Muuguzi akavuta kiti karibu. "Picha kama hizo huwajia akina mama wengi kuliko wanaosema. Inakutisha kwa sababu hutaki itokee. Ni ugonjwa, na una tiba. Mtoto unaondoka naye. Wiki ijayo daktari wetu atakuona, kuna dawa unazoweza kumeza huku unanyonyesha. Na ngazi usizikimbie. Zipite kidogo kidogo, mtu akiwa karibu." Akamgeukia mzee. "Nawe umsaidie kubembeleza mtoto, binti yako apate usingizi. Kubeba mtoto mgongoni unajua?"

"Sista, mimi ndiye niliyegundua mbeleko!"

"Baba, hujavaa kofia."

"Sijui," akakiri mzee.

Walipofika juu ya ngazi, binti alisimama. Alinyoosha mikono. "Nipe. Mpaka pale kwenye kona tu."

Mzee Chumvi akatangulia, akishuka kinyumenyume, mikono wazi, wala hakuleta porojo. Binti alishuka akiwa ameng'ang'ania nguo za mtoto, jasho linamtiririka puani. Kwenye kona akamrudisha kwa babu yake.

"Tumalizie?" mzee akauliza.

"Usinisukume, baba. Leo mwisho hapa." Akajifuta viganja kwenye gauni, kisha akaichomoa kofia mfukoni mwa baba yake, akamvalisha. "Haya, ya yule bosi wako. Ghorofa ya kumi alimkuta nani?"