Kapu la Mama Mkwe

Tangu alfajiri sikukaa kitako. Nilizunguka bwawa, nikarudi kwenye paa la zizi tulikoanika makapu ya kuvulia, nikayagusa moja moja. Yalikuwa makavu. Mto Zambezi ulikuwa umeshuka, bwawa letu limebaki peke yake tambarareni, na leo wanawake wote wangeingia pamoja kuvua chakula cha miezi ya njaa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa bwawa. Samaki wetu walikuwa bado wazima. Juu mtoni walikuwa wanatoka na madonda yanayofika mfupani, na bwana samaki wa serikali alishatuambia kuwa ugonjwa husafiri na kapu au wavu ambao haujakauka.

"Nosiku, kaa basi," jirani yangu Inonge alinicheka. "Utadhani unasubiri kuposwa."

Ndipo nikamwona mama mkwe akishuka kwenye mtumbwi, katoka kwao, juu mtoni. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama inavyompasa mke wa mtu, nikampokea kapu lake. Maji yakanichuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Nimelifunika magugu mabichi tangu tulipovua juzi," alisema kwa fahari. "Kapu kavu linavunjika. Sisi hatukufunzwa uvivu."

"Mama, hapa tunayo mengine, ya kukuazima."

"Nivue na kapu la mtu? Basi niazime na meno yake nitafunie."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Kila mmoja aliyaona yale maji na hakuna aliyefungua mdomo. Kwetu mama mkwe hakosolewi. Ukithubutu, mumeo atasimuliwa, na wanao watakumbushwa mpaka wazeeke. Tena kapu lile lilisukwa na marehemu mama yake.

"Liweke bwawani lisikauke," akaniagiza, akaenda kusalimia watu.

Nilitembea nalo hadi karibu na ukingo, nikasimama, nikarudi nyuma. Kulianika kusingefaa, jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda na wenzangu walishaanza kujifunga vitenge viunoni. Nikakwenda tena, nikarudi tena. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Inonge aliyejifanya anatazama nyasi, nikaikasirikia na adabu yenyewe. Mwisho nikaingia jikoni, nikaondoa chungu cha uji, nikalisukuma kapu motoni. Lilikataa kushika. Likafuka moshi mzito, nami nikalikandamiza kwa mwiko, macho yakinitoka machozi.

Moshi ndio uliomleta. Alisimama mlangoni mpaka kapu likashika moto, likaporomoka lote.

"Umechoma kapu la mama yangu."

"Ndiyo, mama." Nikaweka mwiko chini. "Lingetuulia samaki."

Nilingoja matusi. Yeye akakaa chini palepale kwenye majivu, na kitenge chake kizuri, akawa anatazama moto.

"Kule nyumbani nako, hapo kwanza, samaki walikuwa wazima," alisema. "Nilikwenda kuvua kwa dada yangu, nikarudi na kapu langu bichi vilevile. Wake za wanangu waliliona linachuruzika. Habari za madonda walikuwa nazo."

"Hawakukwambia kitu?"

"Walipiga magoti," alisema mama mkwe. "Wakalipokea, wakaliweka majini."