Donge Linalokimbia

Fundi alikuwa ameshalipata lile donge mara mbili, na mara mbili likamponyoka. Alipiga magoti juu ya godoro lenyewe, akalaza vidole, akaanza upya kutoka pembeni akizunguka kuelekea katikati, polepole, macho kayafumba. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, kwamba pamba haitazamwi, inapapaswa. Siku nyingine angelibana donge hilo kwa kidole gumba, angefumua mshono kidogo, angelichomoa na kulitupa guniani bila hata kukatiza maneno yake. Leo, lilipoteleza mara ya tatu, aliondoa mikono, akakaa kitako juu ya godoro la watu na kunyamaza.

Upande wa pili wa chumba wifi yake alikuwa anachambua pamba. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, na mtaa mzima ulimwita Redio, wala si kwa kuwa aliwahi kumiliki moja. Alianza habari asubuhi akifungua mlango na kuzifunga jioni akiufunga. Kwa hiyo aliponyamaza na yeye, chumba kilikuwa kimya kweli.

"Nini?" Redio akauliza.

"Hamna kitu."

"Hamna kitu ndicho kinakukalisha juu ya godoro la mteja?"

Fundi alitazama mlangoni, akaona hakuna mtu. Kisha akamwambia wifi yake jambo alilolibeba peke yake wiki tatu nzima, ambalo hata mumewe hakulijua. Alikuwa na donge kwenye titi la kushoto. Dogo, kama harage. Alilikuta akijipaka sabuni. Na alipolisema lililobaki alishusha sauti.

"Linakimbia, wifi. Nikiliwekea kidole linahama."

Mtu mwingine asingeelewa kwa nini hilo liliwafanya wanawake wawili waangaliane vile. Mafundi wa magodoro ya pamba wanajua madonge ya aina mbili. Lipo donge gumu lililotulia mahali pake. Hilo halina shida, unajua lilipo, unalitoa siku unayotaka, na mteja mwingine hulilalia miaka kumi bila kujua. Na lipo donge dogo la mviringo linalokimbia. Hilo ndilo adui. Unalifukuza kona hii linatokea kona ile, unashona ukidhani limekwisha, na baada ya mwezi mteja anarudi kajitwisha godoro lake kichwani na maneno mdomoni. Mama yake Fundi alikuwa akisema lililotulia ni mgeni, linalokimbia ni mwizi. Kwa wiki tatu Fundi alikuwa akilala na mwizi kifuani, akijihesabia siku zake za kuishi.

Redio alikung'uta pamba mikononi na kuja kukaa kando yake.

"Mimi mwenyewe ninalo," alisema, kama anayezungumzia jino bovu. "Huku kulia, juu, karibu na kwapa. Miezi mitano sasa. Ila langu gumu, limekaa kitako, haliumi wala haliendi popote, nimeshalizoea. Lako ndilo la kuangaliwa. Kesho asubuhi tunakwenda."

Fundi alikataa. Alisema kazi ni nyingi. Alisema amesikia kwamba donge likiguswa na chuma linasambaa mwili mzima, heri uliache na yake. Alisema mengine mengi, na yote maana yake ilikuwa moja: aliogopa kwenda kuambiwa. Redio alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema mficha uchi hazai, akarudi kwenye pamba yake. Asubuhi yake saa moja alikuwa mlangoni kwa kaka yake, kajifunga kilemba kipya, anamgongea wifi yake kwa fujo kama mdai.

Kwenye benchi la zahanati Redio aliwajua watu wote kabla foleni haijasogea. Fundi alikaa na mkoba mapajani, hasikii hata nusu ya yanayosemwa, lakini ile sauti pembeni yake ilimfaa. Ingekuwa yuko peke yake angekwishaondoka.

Walipoitwa waliingia wote wawili, bila kumwuliza mtu. Muuguzi alikuwa mama mnene, miwani kaining'iniza shingoni kwa kamba, na hakuonekana kuwa na haraka. Alivuta pazia, akamwambia Fundi avue blauzi na kulala kitandani, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Godoro la kitanda lilikuwa la sponji, limebonyea katikati, na hata katika hofu yake Fundi alilidharau. Halafu mikono ya yule mama ilianza kazi.

Ilikuwa mikono ya joto. Ilianza pembeni ikizunguka kuelekea katikati, vidole vitatu vimelala, ikibonyeza kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, mpaka kwapani, na mwenye mikono alikuwa anatazama ukutani. Fundi alimtambua fundi mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akashusha pumzi.

Redio naye hakukaa bure. Alikuwa na maswali, na kila alipojibiwa alikuwa na jingine. Simu je, maana wanawake wanaziweka kifuani? Muuguzi alisema simu haijaonekana kuleta saratani. Na sidiria ya kubana? Inaleta alama begani, basi. Na mtu akijigonga na kona ya meza? Uvimbe wa kugongwa ni wa kugongwa. Je, ambaye hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuugua? Hapo muuguzi alitabasamu na kusema wengi wanaokuja hapo wakiwa nayo hawana hata ndugu mmoja aliyeugua, kwa hiyo hilo lisimlaze mtu usingizi. Mwenye watoto, aliyenyonyesha? Inasaidia kidogo, haizuii. Na hiyo sindano yao, si ndiyo inayosambaza? Haisambazi, mama, alisema muuguzi. Kinachosambaza ni kukaa nyumbani.

"Haya," alimgeukia Fundi. "Nimelipata. Ni laini, mviringo, linateleza. Mengi ya namna hii si saratani."

Fundi hakuamini masikio yake. "Lakini linakimbia."

"Ndiyo, na ndiyo maana sina wasiwasi sana. Hata hivyo kidole hakitoi hukumu. Utapigwa picha, tuone ndani kuna nini. Donge lolote jipya tunalipima." Alikuwa ananawa mikono, kawapa mgongo. "Lingekuwa gumu, limeng'ang'ania, halisogei, hapo ningekuwa nakutafutia nafasi ya hospitali kuu leo hii."

Redio alizimika.

Fundi alikuwa bado anatafuta mkono wa blauzi yake. Furaha ilikuwa imeanza kumpanda, furaha nzito ya kurudishiwa maisha, na haikufika juu. Alisikia ule ukimya, akageuka. Wifi yake alikuwa amesimama, mkoba begani, uso umemlegea.

"Tushukuru," alisema Redio. "Sasa twende, godoro la watu linatungoja."

Fundi alishuka kitandani blauzi imefungwa kifungo kimoja, akaenda kusimama kati ya wifi yake na mlango.

"Vua na wewe."

"Mimi nimekuja kukusindikiza."

"Umenisindikiza, nimefika. Sasa ni zamu yangu."

"Langu haliniumi. Hata siku moja halijaniuma."

"Mengi hayaumi, mama," alisema muuguzi taratibu. Alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anakausha mikono upya.

Redio alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akautazama mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kutuliza ugomvi wa mtaa mzima, na sauti iliyomtoka sasa Fundi hakuwahi kuisikia katika miaka kumi na minane ya uwifi wao.

"Na kama ndilo lenyewe?"

"Kama ndilo, tutakuwa tumelijua tukiwa wawili," Fundi alisema. "Nani aliniambia mficha uchi hazai?"

"Nilikuwa nakwambia wewe."

"Nimesikia. Vua."

Alivua. Fundi alimshikia kile kilemba kipya. Aliitazama mikono ya muuguzi ikizunguka, ikizunguka, na karibu na kwapa ikasimama. Ilirudi pale pale mara moja, ikajaribu kulisogeza, halikusogea. Fundi aliujua mkono unaosimama hivyo, maana wa kwake umesimama hivyo maisha yake yote, na alikikunja kile kilemba mpaka kikawa kidogo kama leso.

La Fundi lilikuwa kifuko cha maji. Alikiona mwenyewe kwenye picha, doa jeusi la mviringo, na daktari akamwambia vifuko hivyo huja na kuondoka kwa wanawake wa umri wake, arudi kikikua au kikiuma. Alicheka njia nzima akiwa peke yake. Alipofika nyumbani akaona aibu ya kucheka kwake, akamwambia mumewe yote kwa mara moja, la kwake na la dada yake. Mume wake alikuna magoti, akauliza kwa nini katika nyumba hii yeye huwa wa mwisho kujua. Fundi alimwomba radhi.

La Redio lilikuwa saratani. Walilitoboa kwa sindano, wakapeleka kipande kupimwa, wakamweka roho juu siku kumi na moja, halafu wakamwita. Siku hiyo walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa na maneno mengi, na Fundi aliyashika machache tu, kwa kuyakariri moyoni: bado ni changa, haijafika kwenye tezi za kwapani kwa kadiri wanavyoona, watatoa donge na nyama kidogo ya pembeni, titi lenyewe litabaki, kisha mionzi, kisha vidonge kwa miaka. Wengi waliokuja mapema namna hii, alisema, wako majumbani mwao wanazeeka. Redio aliuliza kama miezi mitano ni mapema. Daktari alisema mitatu ingekuwa bora zaidi, na kumi ingekuwa habari nyingine.

Walirudi karakanani, maana hawakujua pa kwenda kwingine. Fundi ndiye aliyelia. Alisema wamepapasa pamba miaka yote hiyo, mafundi wawili wazima, wakaenda wakamchagua asiyehusika.

"Tulikosea donge," alisema Redio. "Hatukukosea njia. Ungekataa kwenda, mimi ningekuwa bado nalilea." Alimfuta wifi yake machozi kwa ncha ya kanga, bila upole mwingi, akamwambia amalizie godoro la mteja, mwenyewe analala chini.

Alipasuliwa Jumanne. Muuguzi wa wodi alikuwa ameshawaambia kwamba mkono wa upande ule utamtesa, utakuwa hauna pa kukaa, na kwamba mto mdogo wa kuweka kwapani humsaidia mtu, mradi uwe laini na mwepesi. Wao hospitalini hawakuwa nao. Fundi alisema mto si tatizo.

Alipoingia wodini Jumatano, Redio alikuwa macho, kalala chali, midomo mikavu. Daktari alikuwa amepita, alisema. Kila kitu kilikwenda vizuri, majibu ya tezi yatakuja wiki ijayo. Kisha akasema mkono huu, mama yangu, mkono huu. Fundi aliuinua kwa mikono miwili, akauingiza ule mto chini yake, akaushusha taratibu. Redio alifumba macho. Alikaa hivyo kidogo, kisha vidole vyake vikaanza kuuminya mto.

"Hii pamba si ya dukani."

"Tulia wewe."

"Si ya magunia yale. Hii ya zamani, imechambuliwa na mtu anayejua kuchambua. Umeitoa godoro la nani?"

Fundi alijifanya anapanga vitu kwenye kabati la kando ya kitanda. Pamba hiyo ilichambuliwa na mama yake, mwaka Fundi alioolewa, ikalaliwa miaka kumi na minane na haijawahi kufanya donge hata moja.

"Umefumua godoro lenu?" Redio alifungua macho. "La harusi?"

"Upande mmoja tu. Upande wa kaka yako."

"Na yeye?"

"Analalia shimo tangu juzi. Anadhani ni mgongo."

Redio alianza kucheka, kicheko kikamvuta mshono, akamwomba asimchekeshe, kwa jina la Mungu asimchekeshe, na machozi yakawa yanamtiririka kuelekea masikioni. Fundi aliyapangusa. Mama wa kitanda cha pili aligeuza kichwa kuwatazama, akatabasamu ingawa hakusikia walichokisema. Baadaye dawa ikamzidi nguvu Redio na maneno yake yakawa machache, kisha yakakatika katikati ya sentensi. Fundi alivuta kiti karibu. Mkono wa wifi yake ulikuwa umelala juu ya mto, vidole vimefunguka, ukipanda na kushuka kwa pumzi yake.